Halali, na wala hachoki

Mama mmoja wa Uyole alikuja kliniki na daftari la shule lililochakaa pembe. Ameniruhusu nisimulie. Kila mstari ulikuwa na saa mumewe aliyolala na saa aliyoamka. Mitatu ya mwisho ilisomeka: saa tano hadi kumi na moja, saa saba hadi kumi, saa nane hadi tisa.

"Dokta, halali, na wala hachoki."

Hapo sikusubiri tena. Mtu mwenye mawazo hukosa usingizi pia, lakini kunapokucha yuko hoi. Mwenye baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu hisia na nguvu kupita kiasi kisha kumshusha, anapoanza kupanda hulala kidogo mno, kisha huamka na nguvu za watu watatu, maneno yakimtoka mfululizo. Hali hiyo, mania, ikikomaa hudumu wiki moja au zaidi. Msimu mmoja wa mavuno mzee huyu aliuza viazi vyote, akagawa fedha, akalipia pikipiki mbili za bodaboda. Ndugu wakasema karogwa. Baadaye akashuka, akajifunika blanketi wiki kadhaa, na ndugu walewale wakamwita mvivu.

Wagonjwa wengi huletwa kwangu wakiwa wameshuka. Nisipoambiwa habari za viazi, naweza kudhani ni sonona ya kawaida, na dawa ya sonona ikitumika peke yake inaweza kumrusha juu tena. Ndiyo maana naomba ndugu aje naye, aeleze hata yale ya aibu.

Mambo ya kukubaliana yakubaliwe mgonjwa akiwa mzima. Katikati ya mania hasikii la mtu, na ukibishana naye mnaumizana bure. Familia hii iliketi mwezi wa sita, baridi kali, mzee ametulia kabisa. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema kadi ya benki akae nayo mkewe, na asipolala usiku wa pili mfululizo mjomba wake aitwe, kwa sababu mjomba ndiye anayemsikiliza. Walivyokubaliana wakaviandika nyuma ya daftari lilelile.

Jambo moja linanitia hofu hasa kwetu wakulima. Mgongo ukiuma baada ya kulima, watu hukimbilia diklofenaki, dawa ya maumivu, duka la dawa. Anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, asifanye hivyo bila kutuuliza: diklofenaki inaweza kuipandisha lithiamu kwenye damu hadi ikawa sumu. Kutapika, kuharisha, mikono kutetemeka sana, kuyumba kama aliyelewa: mleteni hospitali siku hiyohiyo. Ulanzi, pombe ya mianzi, nao huvuruga usingizi, na msimu wake ndio huo wa mvua.

Wanaotaka maombi sigombani nao. Nawasihi tu vidonge visiachwe, hata mtu akijiona kapona.

Siku ile mama alipoleta daftari, mjomba alikuja, tukarekebisha dawa. Nikamuuliza mama, na yeye analala saa ngapi? Akanyamaza, kisha machozi yakamtoka. Kwenye kikoba chake hakuna aliyekuwa anajua, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akikesha peke yake. Tukamwita shemeji yake tukiwa palepale, tukapanga zamu.

Juzi amerudi na daftari. Usiku wa Jumanne na Jumatano mwandiko ni mwingine, mkubwa, wa kulala upande. Ni wa shemeji.