Ramani ya dalali wa viwanja si picha ya mji

Wengi wakiona ramani ya viwanja vya Los Angeles ya mwaka 1887, yenye hoteli, bustani na njia za tramu, hudhani mji ulikuwa hivyo. Sivyo. Lile lilikuwa tangazo la biashara. Reli ya Southern Pacific ilifika 1876; reli ya Santa Fe ilipokuja kushindana nayo, nauli ya kufika huko kutoka Kansas City, mji wa katikati ya Marekani, ilishuka, Machi 1887, hadi dola 1 kwa muda mfupi. Wageni wakamiminika, madalali wakachora mitaa juu ya mashamba matupu. Mwaka 1888 bei zikaporomoka, na vitongoji kadhaa vikabaki vigingi tu.

Ukitaka kujua kilichojengwa kweli, linganisha na ramani za bima ya moto za Sanborn, kampuni ya Marekani ya kuchora ramani. Hizo zilichorwa kwa kampuni za bima, ambazo hazikuwa na faida yoyote ya kudanganywa. Kwa kawaida inchi 1 ya ramani ni futi 50 za ardhi, na kila jengo lina rangi: waridi ni tofali, njano ni mbao, buluu ni mawe. Herufi D ni nyumba ya kuishi, S ni duka.

Ila nazo zina mtego. Mabadiliko yalibandikwa kwa vipande vya karatasi juu ya karatasi ya zamani, kwa hiyo mwaka wa jaladani huenda ukatangulia majengo unayoyaona. Mulika taa kutoka ubavuni. Kingo za vipande zitajitokeza.