Je, wajua kwa nini bakteria wa baharini hutengeneza dawa?

Mvua ya kwanza ya Septemba ikianza kudondoka Kadutu, harufu ya udongo hupanda kabla hata maji hayajaanza kutiririka. Sisi wa Bukavu tunaijua vizuri. Hutokana na jeosmini, kemikali ya bakteria wa udongoni waitwao aktinomaisiti. Jamii hiyohiyo ndiyo iliyotupa streptomisini mwaka 1943, ile sindano ya kifua kikuu waliyochomwa wazee wetu.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini aktinomaisiti ni wa nchi kavu, na kwamba wanaokutwa baharini wamesombwa na mito tu. William Fenical na Paul Jensen, wa taasisi ya Scripps huko California, walipochunguza matope ya sakafu ya bahari ya Bahamas walikuta bakteria anayekataa kuota mpaka apewe maji ya bahari. Maji ya Ziwa letu Kivu yasingemfaa. Basi huyo ni mwenyeji wa bahari. Akaitwa Salinispora.

Dawa anaitengeneza kwa ajili ya nani? Kwa ajili yake mwenyewe. Bakteria hana miguu ya kukimbilia wala meno ya kuuma, na katika tonge moja la tope amebanana na majirani wasiohesabika wanaogombea chakula kilekile. Amebaki na kemikali. Salinispora ametenga karibu 10% ya jenomu yake, yaani maagizo yake yote ya urithi, kwa kazi ya kutengeneza kemikali hizo, na mimi naona ni ajabu kubwa kwa kiumbe mdogo hivyo.

Mojawapo ya kemikali zake, salinosporamidi A, ilitangazwa mwaka 2003. Ndani ya seli zetu mna mtambo unaokatakata protini zilizochakaa. Kemikali hii hujinasa humo na kuuzima. Taka hurundikana, na seli ya saratani, inayounda protini kwa pupa, hulemewa ikafa. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya ubongo. Kwa masikitiko, haikuwaongezea maisha.

Dawa nyingine ya baharini, isiyotoka kwa Salinispora, imefika hospitalini. Brentuksimabu vedotini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kutibu saratani ya tezi za limfu iitwayo limfoma ya Hodgkin, hubeba sumu iliyoigwa kutoka kemikali ya konokono wa baharini aliyevuliwa karibu na Morisi. Baadaye kemikali hiyo ilikutwa kwa bakteria wa rangi ya kijani-buluu, ambao ni chakula cha konokono huyo. Hakuitengeneza yeye, aliila.