Nyumba ya kupangisha Mtwara: hela ya kujengea unayo, ya kuvumilia je?

Mi ni mthamini wa nyumba na viwanja huku Mtwara na Lindi, na kila mtu ananiuliza kiwanja kipi kitapanda bei. Huku kwetu cha kujiuliza ni utakaa muda gani bila mpangaji na marejesho ya benki yakaendelea kwenda.

Kusini tushayaona haya. 2012 na 2013 stori za gesi zilivyopamba moto bei za viwanja Mtwara zilipaa, watu wakajenga nyumba za kupangisha wageni wa makampuni, kiwanda cha simenti cha Dangote nacho kikaanza 2015, af wageni wakapungua vyumba vikabaki vitupu. Ninaowajua waliobaki na nyumba zao sio waliokuwa na hela nyingi, ni wale ambao rejesho lilitoka kwenye mshahara au duka, kodi ikija ni nyongeza tu.

Hata ukiacha gesi, hela ya huku ina msimu. Minada ya korosho ikianza kwenye Oktoba hivi mpangaji analipa miezi sita bila kelele, ikifika Mei meseji zako anasoma hajibu. 2018 minada ikavurugika, serikali ikanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, malipo yakachelewa, na mwenye nyumba naye akasubiri humohumo.

Nikipelekwa kwenye boma lililosimama ujenzi naangalia nondo kwanza. Upepo wa pwani una chumvi, nondo zilizochomoza juu ya nguzo zikiachwa wazi zinatoa maganda mekundu, unakwangua kwa kucha yanadondoka, fundi akirudi anakwambia hapa kata. Kwahiyo kama hela haikufikishi kwenye bati, bora uishie msingi ujaze kifusi utulie, majirani waseme.

Na mwenza wako usimfanye saini tu. Sheria inataka ridhaa yake ukiweka nyumba ya familia dhamana, ila mkalishe umwambie na miezi ya kubana itakuwaje, maana mtabana wote.

Sasa hivi Lindi madalali wanauza viwanja kwa jina la mradi wa gesi wa Likong'o, ambao mazungumzo yake yana miaka. Akikutajia bei, muulize chumba anachokaa mwalimu au nesi mtaa huohuo kinapangishwa shingapi kwa mwezi, hesabu zako zipige kwa hiyo.