Jarida dogo ni nini? Kisa cha Der Brenner

Mtu akisikia "jarida dogo" hufikiria kwanza umbo lake: kurasa chache, jalada jepesi, bei nafuu. Watu wa fasihi wakilitaja hawana maana hiyo. Jarida dogo laweza kuwa nene kama kitabu cha shule. Kilicho kidogo ni idadi ya nakala na mfuko unaolilisha. Wasomaji wake ni wachache na hulilipia kabla ya kuliona, matangazo ya biashara ni ya kuhesabu kwa vidole, na mhariri huziba pengo kwa fedha zake mwenyewe au za rafiki mwenye huruma. Hakuna bodi ya kumwambia achape nini. Akilipenda shairi linatoka, asipolipenda linarudi kwa mwenyewe.

Aliyezoea ukurasa wa mashairi gazetini ataiona tofauti upesi. Gazetini shairi ni mgeni: limepewa kiti pembeni, kati ya siasa na bei za mazao, na wiki yenye habari nyingi linaondolewa. Kwenye jarida dogo shairi ndilo mwenye nyumba.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika lugha ya Kijerumani ni Der Brenner. Halikuwa la mashairi matupu, maana lilichapa insha na hoja za falsafa pia, lakini bila mashairi leo lingekuwa linajulikana na wakutubi tu. Toleo la kwanza lilitoka Innsbruck, mji wa milimani katika jimbo la Tirol, Austria, tarehe 1 Juni 1910. Mwanzilishi wake, Ludwig von Ficker, alikuwa na miaka 30. Brenner ni jina la njia ya mlimani inayopita kusini ya mji huo kwenda Italia, lakini kwa Kijerumani neno lenyewe linabeba pia maana ya kitu kinachowaka. Vienna, mji mkuu, tayari kulikuwa na jarida la mwandishi Karl Kraus lililoitwa Die Fackel, yaani mwenge. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa kwamba jina moja linaliitikia jingine.

Ficker alilianzisha hasa ili kumpa nafasi mwandishi mmoja, Carl Dallago, mtu wa insha ndefu ambaye siku hizi hasomwi sana. Huo ndio mchezo wa majarida madogo: unajenga banda kwa ajili ya mtu fulani, kisha anaingia mwingine ambaye hukumtarajia. Aliyeingia hapa ni Georg Trakl, mfamasia kijana kutoka Salzburg aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya jeshi mjini Innsbruck. Shairi lake la kwanza katika Der Brenner lilitoka tarehe 1 Mei 1912. Jarida lilikuwa likitoka mara mbili kwa mwezi, na tangu hapo ni nadra kukuta toleo lisilo na shairi lake.

Jarida dogo lilimfanyia Trakl jambo ambalo mchapishaji mkubwa hawezi kulifanya. Kitabu chake cha kwanza kilitoka Leipzig, Ujerumani, mwaka 1913 kwa mchapishaji mwenye jina. Kitabu, hata hivyo, hutoka mara moja kikanyamaza. Der Brenner lilikuwa linamngoja kila baada ya wiki mbili. Trakl alikuwa mlevi, mtumiaji wa dawa za kulevya, hatulii kazini. Karibu kila kitu maishani mwake kiliyumba isipokuwa anwani ya kupeleka mashairi. Ficker alimpa pia kitanda. Trakl alikuwa akifikia nyumbani kwake, akila mezani pake kama mtu wa ukoo.

Fedha nazo zilikuja kwa njia ambayo mtunga hadithi angeona aibu kuiandika. Julai 1914 Ficker alipata barua kutoka kwa mtu asiyemfahamu: Ludwig Wittgenstein, mwanafalsafa kijana aliyerithi mali nyingi kwa baba yake. Alitaka kugawa kroni (fedha ya Austria ya wakati ule) 100,000 kwa wasanii wa Austria wasio na kitu, na alimwomba mhariri huyu achague nani apewe. Alimwamini kwa sababu Kraus alikuwa amelisifu jarida la Innsbruck hadharani. Jarida lenyewe lilipata 10,000. Trakl na mshairi mwenzake Rainer Maria Rilke walipata 20,000 kila mmoja. Ficker alisimulia baadaye kwamba alimpeleka Trakl benki kuchukua sehemu ya fedha zake. Walipokuwa wakisubiri, mshairi alianza kutokwa jasho jingi, akashindwa kuvumilia, akatoka nje mikono mitupu.

Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Trakl akapelekwa na kikosi cha tiba hadi Galisia, jimbo la mashariki ya dola ya Austria, na baada ya mapigano ya mji wa Grodek akaachwa ghalani na majeruhi mahututi wapatao 90. Hakukuwa na daktari wa kumsaidia, na dawa zilikuwa haba. Akili ikamtoka, akajaribu kujiua, akawekwa hospitali ya jeshi katika mji wa Kraków. Ficker alisafiri hadi huko Oktoba kumwona. Tarehe 27, mhariri akiwa ameshaondoka, Trakl alimwandikia barua, na ndani yake akatia mashairi mawili. Moja ni "Grodek", mistari 17: misitu ya vuli inalia kwa silaha jioni, na mwishoni wanatajwa wajukuu ambao hawatazaliwa. Alifariki tarehe 3 Novemba kwa kokaini nyingi, akiwa na miaka 27. Wittgenstein, aliyekuwa askari eneo hilohilo na aliyekuwa ameombwa aje, alifika siku chache baadaye akaambiwa mtu wake amekwisha fariki.

"Grodek" lilichapwa katika kitabu cha mwaka cha Der Brenner, 1915. Kisha jarida likafungwa hadi vita ilipokwisha. Lilirudi mwaka 1919 likiwa limebadilika, limeegemea dini zaidi, na kwa ladha yangu limepungua utamu. Mwaka huohuo Wittgenstein alimpelekea Ficker muswada wa kitabu chake cha falsafa. Ficker alisitasita, kwa sababu jarida lilikuwa na hali mbaya ya fedha, na muswada ukarudi kwa mwenyewe. Kitabu hicho ni Tractatus, kinachosomwa leo katika vyuo vikuu duniani kote. Mhariri anayeamua peke yake hukosea pia peke yake.

Lilisimama tena mwaka 1934, likafufuka 1946, toleo la mwisho likatoka 1954. Leo Chuo Kikuu cha Innsbruck kina taasisi inayotunza nyaraka zake, nayo inaitwa kwa jina la jarida.

Mwaka 1925 mwili wa Trakl ulihamishwa kutoka Kraków na kuzikwa Mühlau, kitongoji cha Innsbruck, karibu na nyumba alikokuwa akifikia. Ficker aliishi miaka mingine 42. Alipofariki mwaka 1967 alizikwa hapohapo, ubavuni mwa mshairi wake.