Je, wajua kwa nini penisilini inaweza kumdhuru mtu aliyewahi kuitumia bila shida?

Molekuli ya penisilini ni ndogo mno kiasi kwamba ikiwa peke yake, kinga ya mwili haiishughulikii. Shida huanza inapojibandika kwenye protini zetu wenyewe, kwani hapo mwili huiona kama mvamizi. Kwa baadhi ya watu, mwili huanza kutengeneza kingamwili aina ya IgE, ambazo hukaa juu ya seli maalumu za kwenye ngozi, njia ya hewa na utumbo. Wakati huo wote mtu hahisi kitu. Akija kuitumia dawa tena, hata baada ya miaka, seli hizo humwaga histamini, kemikali inayoleta muwasho na uvimbe, ndani ya dakika chache: mabaka yanayowasha, midomo kuvimba, pumzi kubana, presha kushuka. Hali hiyo, yaani mzio (aleji) mkali, inaweza kuua. Anayepatwa nayo anahitaji sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja papo hapo, na vidonge vya kuzuia muwasho haviwezi kushika nafasi yake.

Hata hivyo, wengi wanaosema "nina aleji ya penisilini" hawana. Nchini Marekani, takribani mgonjwa 1 kati ya 10 ameandikiwa hivyo kwenye faili lake, ila wakipimwa, wenye mzio wa kweli hawafiki 1 kati ya 100 ya wagonjwa wote. Wengine waliharisha tu au walipata kichefuchefu, ambayo ni maudhi ya kawaida ya dawa. Wengine walikuwa watoto waliotoka vipele kwa sababu ya virusi wakati wanakunywa amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, lawama ikaangukia dawa. Na hata mzio wa kweli hufifia: kati ya waliokuwa nao, takribani 80% huwa umewatoka baada ya miaka 10.

Kosa hilo lina gharama, maana mgonjwa hunyimwa dawa iliyo bora kwake na kupewa nyingine zinazoua bakteria wengi kuliko inavyohitajika, hivyo kuchochea usugu wa bakteria dhidi ya dawa.

Septrini, dawa ya bakteria isiyo ya jamii ya penisilini, ni habari nyingine. Mzio wake mkali huweza kuchelewa siku kadhaa hata wiki, ukaja na homa, malengelenge, ngozi kubanduka na vidonda mdomoni na machoni. Aliyepatwa na hayo asirudie dawa hiyo kamwe, wala asijaribiwe.

Kwa penisilini, mwambie daktari ulitumia dawa gani, dalili zilianza baada ya muda gani, na zilikuwaje. Akiona inafaa, atakupima kwenye ngozi au atakupa dozi ndogo chini ya uangalizi. Usijipime mwenyewe nyumbani.