Lambo Lililokauka Bado Lina Uhai

Ifikapo Oktoba, malambo mengi ya Tabora huwa yamebaki tope lililopasukapasuka, na ng'ombe hukatiza katikati yake bila kulowesha kwato. Mvua za Novemba zikishanyesha, maji yaliyojikusanya huanza kugeuka kijani baada ya siku chache tu. Wananchi wanaofika maabara yetu huuliza uhai huo umetoka wapi, ilhali hakuna mto wala kijito kinachoingia humo. Sehemu kubwa ya jibu imo katika tope lenyewe: uhai huo ulikuwa umelala.

Jambo hili mwalimu yeyote wa sekondari mwenye hadubini ya kawaida anaweza kulihakiki. Achukue tope kavu la kujaa kiganja, aliweke katika chupa safi, alimiminie maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha aiache chupa hiyo penye mwanga lakini pasipopigwa na jua kali. Kesho yake, tone moja la maji hayo likikuzwa mara 100 huweza kuonyesha vijidudu vyenye umbo la haragwe vinavyokwenda huku na huku kwa kasi. Huyo ni kolpoda, kiumbe wa seli moja ambaye hujisukuma kwa vinyweleo vilivyouzunguka mwili wake na ambaye chakula chake ni bakteria. Maji yanapokauka hujiviringisha na kujifungia ndani ya ganda gumu, na humo hungoja hata miaka.

Baada yake huonekana amiba, anayetambaa kwa kubadilisha umbo, na yuglena, ambaye ndiye mmojawapo wa wanaoyapa maji ile rangi ya kijani. Wanafunzi hupenda kubishana kama yuglena ni mmea au mnyama. Ana klorofili na hujitengenezea chakula kwa mwanga, lakini pia huogelea kwa mkia mwembamba na gizani huweza kufyonza chakula kutoka katika maji. Kwa maoni yangu, ubishi huo hauna mshindi.

Anayenishangaza zaidi ni rotifera. Huyu si wa seli moja, kwani ana utumbo, mfumo wa neva na kitu kama taya, ingawa mwili wake wote kwa kawaida haufiki nusu milimita. Wale wa jamii ya bideloidi hawahitaji ganda: maji yakiisha hujikunja kama kipipa, karibu maji yote ya mwilini hutoka, na shughuli za mwili husimama kabisa hadi tone la mvua liwafikie. Mwaka 2021 wanasayansi wa Urusi walitangaza kuwa rotifera waliotolewa katika udongo ulioganda wa Siberia, wenye umri wa miaka 24,000 hivi, walizinduka na kuzaliana. Tukilinganisha, kiangazi chetu cha miezi sita ni usingizi wa mchana.

Si viumbe hao pekee wanaolala katika tope. Konokono wa jenasi ya Bulinus, ambao hubeba vimelea vya kichocho cha mkojo, nao hujifukia katika tope la lambo na kustahimili kiangazi, kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba lambo lililokauka limejisafisha. Lambo likijaa tena na mgonjwa akakojoa humo, mayai ya vimelea huanguliwa, lava (vimelea wachanga) huingia kwa konokono, na baada ya wiki kadhaa hutoka lava wa aina nyingine, wenye mkia uliogawanyika mwishoni, ambao hupenya ngozi ya mtu isiyo na jeraha lolote. Wengi hutoka jua linapokuwa kali kuelekea mchana, saa zile zile ambazo watoto huoga.

Lava hao hawali, na wasipompata mtu huishiwa nguvu na kufa ndani ya siku mbili. Maji ya lambo yaliyochotwa bila konokono, yakakaa katika pipa lililofunikwa kwa saa 48, hayana tena lava hai wa kichocho na yanafaa kufulia na kuogea. Ya kunywa bado yachemshwe, kwa sababu bakteria na vimelea vingine vya tumbo havifuati ratiba hiyo.