Je, wajua? Mbao ya dawa inaweza kutoboa boti ya aluminiamu

Mjomba wangu ana boti ya aluminiamu pale bwawa la Nyumba ya Mungu, futi 14, aliinunua ikiwa imeshatumika sana. Sakafu yake ya plaiwudi ilikua imeoza kiasi kwamba ukikanyaga katikati mguu unazama kama umekanyaga mkate uliolowa chai, ndo akanipigia huku Moshi kuniuliza, "We si unasomaga haya mambo, niweke bati la aluminiamu au nirudishe plaiwudi?" Nikamjibu palepale. Rudisha plaiwudi mjomba, ni nafuu, ila vile vibao vya chini vinavyobeba sakafu weka mbao za dawa, hizi hizi za kenchi, zimebaki nyingi pale nyumbani. Boti ni aluminiamu haishiki kutu, mbao zina dawa haziozi, kazi umemaliza mpaka wajukuu.

Misimu miwili ya mvua haijaisha, boti ikaanza kuingiza maji. Tukang'oa sakafu. Mbao za dawa zilikua nzima kabisa, bado zina ile rangi ya kijani kijani, ukizigonga zinalia ko ko ko. Iliyooza ilikua boti. Kila mahali palipokua na kibao, chini yake kulikua na mstari wa unga mweupe kama unga wa muhogo, mjomba akachukua bisibisi akakwangua sehemu moja taratibu tu, mwanga ukatokea upande wa pili. Akanyamaza muda, alafu akasema, "Aisee mangi, dawa yako inatibu mbao inaua boti."

Kwahiyo swali la leo sio tena plaiwudi au aluminiamu, hilo tutalifikia. Swali ni imekuaje dawa ya mbao ikala chuma ambacho kila mtu anajua hakishiki kutu.

Tuanze na hapo kwenye "kila mtu anajua", maana ndo mimi nilipoangukia. Kutu tunayoijua sisi, ile nyekundu, ni ya chuma cha kawaida, na ni kweli aluminiamu haiwezi kuwa na ile. Ila aluminiamu sio kwamba ni chuma kipole kisichojibizana na hewa, ni kinyume chake kabisa, aluminiamu ina hasira sana na oksijeni, ukiikwangua tu inaungana nayo hapo hapo na kujitengenezea ngozi ngumu, nyembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara elfu 10. Hiyo ngozi ndo inayoizuia isiendelee kuliwa. Yaani inajikinga kwa kuwahi kuliwa kidogo. (Ngozi hiyo hiyo ndo inawasumbua mafundi wa kuchomelea, kwa sababu aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 ila ngozi yake mpaka ipite 2,000, kwahiyo asiye na mashine ya gesi ya agoni anajikuta chini kumeyeyuka juu bado, shimo.)

Sasa ngozi ina masharti yake. Inakaa vizuri kwenye maji ambayo hayana ukali wa kupitiliza, kati ya pH 4 na 8.5 hivi (pH ni kipimo cha uchachu na umagadi, katikati ni 7). Ushahidi uko jikoni kwako: ukitia magadi kwenye makande, sufuria ya aluminiamu inageuka nyeusi ndani, ni magadi yameishambulia ngozi. Ukiacha chakula cha chumvi kwenye sufuria siku mbili tatu unakuta vidoa, na sufuria ya zamani ukiinyanyua kwenye mwanga wakati mwingine unaona nyota. Mimi nimekua naziona hizo nyota tangu mtoto, nimetumwa kupeleka sufuria kuzibwa mara ngapi, na bado nikamwambia mtu mzima aluminiamu haiharibiki. Na kwa wale wenye ndoto ya kuweka boti kwenye maji ya magadi kama maziwa ya Momella kule Hifadhi ya Arusha, lifikirieni hilo mapema.

Ngozi pia inahitaji hewa ili ijirudishie pale ilipochubuka. Ukiibana na kitu kilicholowa muda wote, mbao, kapeti, sponji, hewa haifiki, ngozi ikichubuka haponi mtu. Hapa lazima nikiri kitu: boti ya mjomba ilikua na sponji chini ya sakafu lililokunywa maji kama godoro, kwahiyo siwezi kuitwika dawa kesi yote peke yake, hata mbao isiyo na dawa ikikaa imelowa juu ya aluminiamu inaacha vidonda. Ila vidonda vyetu vilifuata mistari ya zile kenchi kama vimepigwa rula.

Sasa dawa yenyewe. Ile ya kijani kwenye nguzo za umeme za miti na mbao nyingi za kuezekea ni mchanganyiko unaoitwa CCA, shaba, kromi na aseniki, uligunduliwa India mwaka 1933 na mtaalamu anaitwa Sonti Kamesan. Shaba inaua fangasi, aseniki inaua wadudu wakiwemo mchwa, kromi inavishikiza vyote viwili ndani ya mti visitoke na mvua. Marekani waliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani mwisho wa 2003 kwa sababu ya aseniki, wakahamia dawa zenye shaba nyingi zaidi, ambazo kwa aluminiamu ni mbaya kupita hata CCA. Kwahiyo anayekwambia "hii ya kisasa haina sumu" anaweza kuwa mkweli kabisa na boti yako ikaliwa haraka zaidi. Na tafadhali mabaki ya mbao hizi usichome, usikaushie samaki, aseniki iko kwenye moshi na kwenye majivu.

Kromi inashikiza ila haishikizi yote. Maji yakikaa juu ya mbao, shaba kidogo inatoka. Kidogo kiasi cha kutokuona kwa macho. Na hapo ndo pana utamu.

Chukua betri ya tochi, ile kubwa ya bei rahisi, ambayo bibi alikua anaianika juani apate usiku mmoja zaidi. Kopo lake la ndani ni zinki. Katikati kuna kijiti cheusi cha kaboni. Kati ya kopo na kijiti kuna uji mweusi wenye chumvi chumvi. Ukiwasha tochi umeme unatembea, na malipo ya huo umeme anatoa zinki: kopo lenyewe linayeyuka kidogo kidogo kuingia kwenye ule uji. Ndo maana betri uliyoisahau kwenye tochi unakuja kuikuta imetapika, sio kwamba imejaa, ni kopo limeliwa mpaka limetoboka.

Boti ya mjomba iligeuka kuwa hilo kopo. Shaba iliyotoka kwenye mbao ikifika kwenye aluminiamu haibaki kwenye maji, aluminiamu inaivuta, inabadilishana nayo, chembe za shaba zinaganda juu ya bati na aluminiamu inayeyuka kuchukua nafasi yake majini. Kila chembe sasa ni kijiti cha kaboni. Aluminiamu ni kopo. Maji machafu yaliyobanwa chini ya mbao ndo ule uji. Na hamna swichi, kwa sababu shaba imegusa aluminiamu moja kwa moja, kwahiyo ni tochi iliyowashwa ikasahaulika, inawaka usiku na mchana, ila hamna mwanga.

Kwa nini anayelipa ni aluminiamu na sio shaba? Metali zikikutana kwenye maji ni kama watu waliokaa meza moja kilabuni na mbege, kuna ambao mikono yao miepesi mfukoni na kuna ambao hata moto uwake hawatoi. Shaba haitoi. Stenlesi haitoi. Aluminiamu mwepesi, zinki mwepesi zaidi, ndo maana kwenye meli wanaongeza donge la zinki kwa makusudi likae pale lilipe bili za wengine, mwanakemia wa Uingereza Humphry Davy alishafanya kitu cha namna hiyo mwaka 1824.

Na idadi ya watu mezani ni muhimu. Wanywaji kumi mlipaji mmoja, huyo mmoja kesho hana nauli. Mnywaji mmoja walipaji kumi, hakuna anayehisi. Ndo maana skrubu chache za stenlesi kwenye bati kubwa la aluminiamu mara nyingi hazina shida kubwa kwenye maji yasiyo na chumvi, ila ripiti za aluminiamu kwenye bati kubwa la chuma zinaliwa zinaisha. Utauliza, sasa chembe za shaba si ndogo sana na boti ni kubwa, mbona boti inaumia? Kwa sababu ya ile ngozi. Sehemu yote yenye ngozi imefunga mlango, hailipi, kwahiyo bili nzima inaangukia kwenye kale kadoa kamoja kalikochubuka, kanachimbwa kwenda chini badala ya kusambaa. Bati lote zima, tundu moja. Ukipima uzito wa boti usingejua imepungua kitu.

Wala hili sio geni. Mwaka 1761 Waingereza walifunika tumbo la meli yao ya kivita HMS Alarm kwa mabati ya shaba, wapunguze minyoo ya bahari na majani. Walipoikagua miaka miwili baadae misumari ya chuma imeliwa vibaya, isipokua baadhi. Zile zilizopona, ilikua karatasi ya kaki iliyofungiwa mabati imebaki imekwama kati ya shaba na msumari. Karatasi tu! Meli ya kivita inaokolewa na kifungashio.

(Kwa wenye nyumba: bati za aluzinki nazo zina aluminiamu, na watengenezaji huonya zisigusane na mbao ya dawa iliyo mbichi. Kenchi ikauke kwanza.)

Haya, plaiwudi au aluminiamu. Hapa nako nilikua na imani yangu moja mbovu, kwamba bati la aluminiamu lazima litakua jepesi. Piga hesabu: karatasi ya futi 4 kwa 8 ya plaiwudi ya milimita 12 ina kilo kama 21. Aluminiamu ya milimita 3, saizi hiyo hiyo, kilo 24. Na hiyo ya milimita 3 ukiikanyaga katikati inapinda kama mara 8 zaidi ya plaiwudi, kutegemea na aina ya plaiwudi na upande nyuzi zinakolala, maana ugumu wa kupinda unapanda kwa kipeo cha tatu cha unene, yaani unene ukiwa mara mbili ugumu unakua mara nane, mnene dhaifu anamshinda mwembamba shujaa. Ukitaka iwe ngumu sawasawa unakwenda milimita 6, kilo 48. Boti za aluminiamu zinakwepa hilo kwa kuweka mbavu nyingi za kubeba bati jembamba, ambayo ni kazi nzuri ila ni kazi ya fundi, na jua la Nyumba ya Mungu saa saba mchana utaijua sakafu ya bati kwa nyayo.

Plaiwudi nayo inaoza, ila sio kwa maji kama tunavyodhani. Inaozeshwa na fangasi, na fangasi wanataka unyevu na hewa kwa pamoja, kwahiyo mbaya zaidi ni ile hali ya kulowa nusu chini ya turubai. Na ukienda hadweya ukaomba ya boti watakuonyesha marini bodi, ile ya kahawia inayong'aa. Hiyo ni ya kumwagia zege. Jina limekaa vizuri, lakini kilichoko ndani ya huo ung'aavu kinaweza kuwa na mapengo kibao. Plaiwudi ya boti ya kweli ina muhuri wa BS 1088, kiwango cha ubora cha Uingereza, gundi isiyoachia maji na tabaka zisizo na mapengo, na cha kuchekesha kwa kawaida haina dawa yoyote. Ukiwa na wasiwasi omba kipande, kachemshe sufuriani masaa kadhaa, kikifunguka kama kitabu rudisha.

Sisi tulichofanya: matundu tuliziba kwa viraka vya aluminiamu na ripiti za aluminiamu, vibao vya chini tukaweka bomba za mraba za aluminiamu alizotuuzia fundi madirisha, juu plaiwudi ya milimita 12 isiyo na dawa, epoksi mara tatu, kingo na matundu ya skrubu mara nne kwa sababu maji yanaingilia huko. Sponji tukatupa. Kati ya plaiwudi na bomba tukakata vipande vya dumu la njano la mafuta la lita 20, tukavilaza urefu wote. Nilimsimulia mjomba ile habari ya karatasi ya kaki wakati tunakata. Akaniuliza Waingereza walilipwa shilingi ngapi kwa ule ugunduzi.

Zile kenchi alizichukua akajengea uzio wa shamba. Mpaka leo hazijaoza hata moja.